Mashahidi wa Pentekoste na uwanja unaobeba jina lao

Katika jiji la Kinshasa, komini ya Lingwala, kuna uwanda mpana unaopitiwa na barabara iitwayo Boulevard Triomphal. Hapo limesimama Jumba la Wananchi, Palais du Peuple, ambamo Bunge na Seneti hukutana. Jirani yake upo uwanja wa michezo wenye nafasi ya watu wapatao 80,000, ambao jina lake kamili ni Stade des Martyrs de la Pentecôte, yaani Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste. Sisi tulio mbali na mji mkuu, wa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi au wa Kalemie, twaujua zaidi kwa televisheni: timu ya taifa ikicheza, Rais akila kiapo, maiti wa mkubwa akiagwa, Baba Mtakatifu akiongea na vijana. Ni mahali ambapo taifa hujitazama likiwa limekusanyika.

Jina lenyewe hupotosha kidogo. Kijana aliyefunzwa katekisimu akisikia mashahidi na Pentekoste kwa pamoja atawafikiria mitume, au wafiadini wa Kanisa la mwanzo. Mashahidi hawa lakini walikuwa wanasiasa wanne wa Kongo. Walinyongwa hadharani mwaka 1966, siku chache baada ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Ni vema vijana wa parokia zetu wakijua habari hiyo kwa ukamilifu wake, kwa maana uwanda ule umeyaona makusanyiko ya namna nyingi tangu hapo, na Kanisa letu limekuwamo katika zaidi ya moja.

Tuanze na mwaka 1965. Nchi ilikuwa imechoka. Uasi wa Simba ulikuwa umeteketeza mashariki, na tarehe 1 Desemba 1964 Sista Anuarite alikuwa ameuawa kule Isiro. Kinshasa, ambayo bado iliitwa Léopoldville, ilikuwa na mvutano mwingine: Rais Joseph Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Moïse Tshombe hawakupatana tena. Mwezi wa Oktoba Kasa-Vubu alimwondoa Tshombe, akamteua Évariste Kimba. Huyu Kimba alikuwa mwana wa Katanga, wa upande wa Bukama, na wakati Katanga ilipojitenga alikuwa waziri wake wa mambo ya nje. Bunge halikumpa kura ya imani. Rais akamteua tena. Shughuli za serikali zikakwama. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba 1965 Jenerali Joseph-Désiré Mobutu alitwaa madaraka, na Kimba akabaki raia asiye na kazi wala cheo.

Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Mei 1966, ilitangazwa kwamba njama ya kuiangusha serikali imegunduliwa. Waliokamatwa ni Kimba pamoja na watu watatu waliowahi kuwa mawaziri: Jérôme Anany aliyekuwa wa ulinzi, Emmanuel Bamba aliyekuwa wa fedha, na Alexandre Mahamba aliyekuwa wa madini. Bamba alikuwa pia mtu mwenye heshima katika Kanisa la Kimbangu. Pentekoste ya mwaka ule iliangukia Jumapili tarehe 29 Mei, na ndiyo sababu ya jina walilopewa baadaye.

Je, walikuwa na hatia? Swali hili lisirukwe kwa sababu ya huruma. Wanne hao walikutana kweli na maafisa wa jeshi, na mazungumzo yalihusu kubadilisha serikali. Ila maafisa wale walikuwa wakimpasha Mobutu habari za kila hatua, hata wanahistoria wengi wanauona ule kuwa mtego zaidi ya njama. Lililo wazi kabisa ni namna walivyohukumiwa. Walifikishwa mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi, kesi ikasikilizwa kwa muda usiofika saa mbili, bila nafasi ya kujitetea ipasavyo, na hukumu ya kifo ikatolewa baada ya majaji kushauriana dakika chache tu. Maombi ya kuwahurumia yalitoka ndani na nje ya nchi. Hayakusikilizwa.

Alhamisi, tarehe 2 Juni 1966, jukwaa la kunyongea lilikuwa limekwisha kusimamishwa karibu na Pont Cabu, mahali ambapo leo uko Uwanja wa Mashahidi. Makumi ya maelfu ya watu walifika. Wengine walikuja kwa udadisi, wengine kwa chuki dhidi ya wanasiasa waliowachosha kwa miaka mitano, wengine bila kuamini kwamba jambo lenyewe litafanyika. Kimba alinyongwa wa kwanza. Alikuwa hajatimiza miaka 40. Hakufa upesi. Hofu ikauingia umati, watu wakaanza kukimbia na kukanyagana, na bado watatu walikuwa wakingoja zamu yao. Baadaye Mobutu mwenyewe alieleza bila kuficha kwamba alitaka kutoa mfano ili watu wamheshimu mkuu.

Hapo ndipo pa kuzingatiwa. Serikali inayotaka tu kuua ina magereza na misitu. Ile ya 1966 ilichagua uwanja kwa sababu ilihitaji watazamaji, na kwa hesabu yake watazamaji walikuwa na kazi kubwa kuliko mnyongaji: kurudi nyumbani na kusimulia, ili mwingine asithubutu. Na ni kweli, kwa miaka mingi ni wachache waliothubutu.

Lugha yetu ya Kiswahili ina jambo hapa ambalo Kifaransa hakina. Kwetu shahidi ni yule aliyeona tukio na kulisimulia barazani, na shahidi ni yule pia aliyekufa kwa ajili ya imani; ndiyo maana twasema Mashahidi wa Uganda tukimkumbuka Karoli Lwanga, Kizito na wenzao, ambao sikukuu yao ni tarehe 3 Juni, siku moja tu baada ya tarehe ile ya kunyongwa. Kwa Kigiriki, neno lililozaa jina la wafiadini nalo lilikuwa na maana hiyo hiyo ya kushuhudia. Basi katika uwanda ule siku ile kulikuwa na mashahidi wanne jukwaani na mashahidi maelfu chini yake. Wanne hawakufa kwa ajili ya imani, na Kanisa halijawahi kusema hivyo. Taifa limewaita mashahidi kwa maana yake lenyewe, kwa sababu waliuawa bila haki. Wale wa chini ndio waliobaki na mzigo wa kusema, nao walinyamazishwa na kile walichokiona.

Kabla ya hapo umati wa jiji hilo ulikuwa na sifa nyingine kabisa. Karibu na Pont Cabu kuna uwanja wa zamani zaidi, uliofunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin na ambao leo unaitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut aliyejenga shule na viwanja vingi Léopoldville. (Ndipo Muhammad Ali alipopigana na George Foreman mwaka 1974.) Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa chama cha Abako ulikatazwa, watu wakakasirika, na mashabiki waliokuwa wakitoka kutazama mpira katika uwanja huo wakajiunga nao. Ghasia zikaenea mjini, wengi wakauawa, na siku tisa baadaye Mfalme wa Ubelgiji akatamka hadharani kwamba Kongo itapata uhuru. Padri Raphaël, aliyefariki mwaka 1956, hakuyaona matunda hayo ya ajabu ya mpira aliowafundisha vijana. Umati wa 1959 hakuna aliyeupanga. Ule wa 1966 uliitwa.

Miaka ya Mobutu iliyofuata ilikuwa miaka ya umati ulioitwa. Watu walipangwa barabarani kupiga makofi, wanafunzi walifundishwa ngoma za kumsifu kiongozi, na uwanda ukapata barabara yenye jina la ushindi. Kati ya mwaka 1975 na 1979 Wachina walisaidia kujenga Palais du Peuple. Ni jina zuri kwa jumba ambalo wakati ule liliongozwa na chama kimoja.

Mbele ya jumba hilo, Jumapili tarehe 4 Mei 1980, Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Misa na kuwaweka wakfu maaskofu wanane. Ilikuwa mara ya kwanza Papa kukanyaga ardhi yetu. Watu walianza kuja usiku. Milango ilipofunguliwa kabla ya mapambazuko walisukumana, na watu tisa walikufa kwa kukanyagwa. Misa iliendelea. Waliokufa walikuwa wamekuja kusali. Majina yao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote wa mahali pale, nami naona ni deni ambalo sisi Wakatoliki bado hatujalilipa. Miongoni mwa maaskofu waliowekwa wakfu asubuhi ile alikuwamo padri mmoja mwanazuoni wa Maandiko, jina lake Laurent Monsengwo Pasinya. Hakuna aliyejua kwamba angerudi mahali pale baada ya miaka kumi na moja, safari hii ndani ya jumba.

Mwaka 1990 Mobutu alilazimika kuruhusu vyama vingi, na tarehe 7 Agosti 1991 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulifunguliwa Palais du Peuple. Mwezi wa Desemba wajumbe walimchagua Monsengwo, ambaye wakati huo alikuwa Askofu Mkuu wa Kisangani, kuuongoza. Kwa mara ya kwanza tangu 1965 watu walisema kwa sauti yale waliyoyaona. Habari za mauaji, za wizi wa mali ya umma na za watu waliopotea zilianza kutajwa, na redio na televisheni zikazifikisha majumbani. Tarehe 19 Januari 1992 serikali ikausimamisha mkutano.

Ndipo walei wa Kinshasa walipofanya jambo ambalo kila kijana wa parokia anapaswa kulijua. Kamati ya uratibu ya walei iliwaalika Wakristo waandamane kwa amani Jumapili tarehe 16 Februari 1992 kudai mkutano ufunguliwe tena. Serikali ilikataza. Watu wakatoka makanisani baada ya Misa wakiwa na Biblia, rozari, misalaba, mishumaa na matawi ya miti, wakiimba nyimbo walizozizoea ibadani. Waprotestanti na Wakimbangu walitembea pamoja nao. Walikuwa wengi kiasi kwamba askari hawakuweza kuzifunga njia zote, kwa hiyo walifyatua risasi na mabomu ya machozi. Makumi waliuawa. Aprili mkutano ulifunguliwa tena, ukaendelea hadi Desemba, na tarehe 15 Agosti ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu.

Tofauti kati ya 1966 na 1992 haikuwa idadi ya watu wala ujasiri wa damu. Waandamanaji wa Februari waliogopa. Atakayesema hawakuogopa hajazungumza na walionusurika. Ila hawakujikuta tu wametupwa katika umati. Walikuwa wametoka katika jumuiya ndogo ambamo walijuana kwa majina. Walikuwa wamesali pamoja wiki nzima, wamekubaliana wasibebe hata jiwe, na kila mmoja alijua nani yuko kulia kwake. Kwa hiyo risasi zilipoanza wengi walipiga magoti badala ya kukanyagana. Jumuiya zetu hai za kikristo, ambazo Kardinali Malula na maaskofu wenzake walizisisitiza tangu miaka ya sitini na sabini, ndizo zilizowezesha hilo, ijapokuwa wengi wetu leo twazidhania kuwa mahali pa kuchangishia fedha za harusi na matanga.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukijengwa katika miaka hiyohiyo, tena kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1994. Mobutu aliuita Kamanyola. Ninyi mlio bonde la Ruzizi mnalijua jina hilo: ni mji mdogo kusini mwa Bukavu ambako, mwaka 1964, yeye kama mkuu wa jeshi alisemekana kuwasimamisha kwa ushujaa wake askari waliokuwa wakiwakimbia waasi. Masimulizi ya utawala wake yalilipamba sana tukio hilo. Kwa hiyo, juu ya ardhi walikonyongwa watu wanne, aliweka jina la ushindi wake mwenyewe. Halikudumu. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya AFDL yaliingia Kinshasa, tarehe 29 Laurent-Désiré Kabila akaapishwa katika uwanja huo, na mwaka huohuo ukapewa jina la Mashahidi wa Pentekoste.

Kubadilisha jina ni rahisi kuliko kubadilisha mazoea, na historia ya uwanda huu haiwagawi watu upesi kuwa weupe na weusi. Mwisho wa Mei 2019 mwili wa Étienne Tshisekedi, aliyefariki Brussels miaka miwili kabla, uliwekwa uwanjani hapo ili taifa limuage, naye kwa haki alikumbukwa kama mtu aliyempinga Mobutu kwa miongo kadhaa na kufungwa kwa ajili hiyo. Lakini mwaka 1966, Kimba na wenzake waliponyongwa, waziri wa mambo ya ndani alikuwa yeye. Halikutajwa sana siku zile za maombolezo. Silisemi kumwondolea heshima. Mtu aweza kugeuka, na Mtume Paulo alikuwa amesimama akilinda mavazi ya waliompiga Stefano mawe. Nalisema kwa sababu kumbukumbu inayochagua sehemu tu ya ukweli hutengeneza umati mwingine usiojua unachoshangilia. Mtoto wake Félix aliapishwa hapohapo kwa muhula wa pili tarehe 20 Januari 2024.

Na bado watu hufa hapo kwa kusongamana. Oktoba 2022, katika tamasha la muziki, watu 11 walikufa. Julai 2024, katika tamasha la nyimbo za injili, walikufa tisa, hesabu ileile ya mwaka 1980. Vikundi vyetu vinavyopanga safari za hija na makongamano ya vijana vihesabu milango kabla ya kuhesabu mabasi.

Tarehe 2 Februari 2023 Papa Fransisko alikutana hapo na vijana na makatekista; waliokuwamo walizidi 65,000. Aliwaambia wajitazame mikono, akawafafanulia kila kidole: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na utumishi. Alipofika kwenye ufisadi kelele za vijana zilipanda hata akalazimika kungoja. Aliwataka washikane mikono. Kisha, katika uwanja unaobeba jina la mashahidi, akamtaja shahidi wa kwetu: Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma na wa jumuiya ya Sant'Egidio, mtumishi wa ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa hongo ili apitishe chakula kilichoharibika, ambacho kingewadhuru watu. Akatekwa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Floribert hakuuawa mbele ya umati. Waliomuua walitaka asionekane na yeyote, na walioshuhudia maisha yake walikuwa marafiki wachache, familia yake, na watoto wa mitaani aliowasomesha. Hao ndio walioongea. Uchunguzi wa Kanisa ulifunguliwa Goma mwaka 2016. Mashahidi wakaitwa mmoja mmoja, wakaapa, wakaulizwa, maneno yao yakaandikwa na kupelekwa Roma. Novemba 2024 Baba Mtakatifu alikubali kwamba alikufa kwa ajili ya imani. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, alitangazwa Mwenyeheri mbele ya Wakongo waliosafiri kutoka Goma na kutoka miji ya Ulaya, wakati Goma yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 na wengi wa waliomfahamu hawakuweza kutoka. Kwa Kimba, Anany, Bamba na Mahamba mahakama ilikuwa imetumia chini ya saa mbili.